Binti Chumvi Hajui Kuogelea

Jumamosi, 2 Agosti

Vichwa vinne saluni leo, kimoja cha bibi harusi mwenye kichwa kigumu kuliko nywele zake. Vidole vimekufa ganzi. Katikati ya kichwa cha tatu fundi cherehani akanipigia nikajaribu vazi. Ni lilelile la Bin Chumvi wa kwenye filamu, la kijani, lenye magamba ya kumetameta mgongoni. Wamelipunguza mabega, wakalipanua kifua. Kofia yake wameigeuza mtandio. Bado lina harufu ya mtu mwingine.

Nilijitazama kwenye kioo nikajiona shujaa. Ndipo Dada Shirin, mwongozaji wetu mpya, akasema kitambaa hiki hakinywi maji, kwa hiyo hakitanizuia kuogelea.

Nikatabasamu. Nina tabasamu la kijinga sana.

Sijui kuogelea.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Siku ya usaili Dada Shirin aliniuliza, "Wewe mtu wa wapi?" Nikajibu, "Wa hapahapa Bagamoyo." Akafurahi. Alikwisha kuchoshwa na wasichana wa Dar wanaoliona wimbi wakashika nywele. Hakuuliza tena.

Si uongo. Kiwangwa ni Bagamoyo. Wilaya moja, mkuu wa wilaya mmoja. Ila Kiwangwa ni mananasi, mihogo na mikorosho. Bahari niliiona mara ya kwanza tulipoletwa na shule. Nikaona maji yananijia, nikakimbia hadi kwenye basi. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni.

Watu wa mjini hawaamini kwamba yuko mtu wa Bagamoyo asiyejua maji. Kwao ni sawa na kusema hujui kula wali.

Jumatatu, 4 Agosti

Tumesoma muswada, ghorofani, juu ya duka la vyombo la baba yake Dada Shirin. Filamu tano za Bin Chumvi zimepita, sasa hadithi inaanza upya. Mwongozaji mpya, waigizaji wapya, na shujaa ni mwanamke: Binti Chumvi. Mimi. Wa zamani aliyebaki ni mmoja tu, Sefu, yule Bin Chumvi mwenyewe. Amepewa sini moja, tukio moja tu.

Katika sini hiyo Bin Chumvi anamwingiza binti majini. Anamzamisha, nguvu zinahama, kisha anamwachia. Binti anaogelea chini kwa chini hadi katikati ya hori na kuibuka huko. Bin Chumvi anageuka na kwenda zake.

Tutapiga Jumatatu ijayo, kwenye hori la mikoko kule Kaole. Itakuwa bamvu, maji yatajaa hadi juu. Dada Shirin alisema "hadi juu" kwa furaha.

Nilimwamkia Sefu, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba." Basi. Macho yake yalikuwa kwenye vazi lililotundikwa ukutani.

Mtu huyu nilimpenda kabla sijajua kusoma. Katika banda la video la Kiwangwa tulikaa chini kwenye vumbi, na alipozama tulibana pumzi sote mpaka aibuke. Leo nimemwogopa.

Jumanne, 5 Agosti

Maneno ya saluni. Mteja mmoja kasema Sefu ameapa kibarazani: atakayevaa magamba yake atayavua mwenyewe. Mwingine kasema hapana, alilia tu. Wa tatu kasema alilia na akaapa. Nilimvuta wa tatu nywele hadi akapiga kelele.

Nimefikiri jambo moja siku nzima. Mtu huyo atanikandamiza kichwa chini ya maji, mbele ya kamera. Na nikitapatapa, watasema naigiza vizuri.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaribu kwenye beseni. Uso ndani, macho nimefumba. Pumzi ikaisha kabla sijaanza kuibana. Mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama nalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Saluni imefungwa. Tumefanya mazoezi nchi kavu, mchangani.

Mjomba Sefu aliniwekea mkono shingoni. Mkono mkubwa, mkavu. Sijui kilichonipata. Nilimdaka kiganja kwa mikono yangu yote miwili, nikang'ang'ania, miguu yangu ikiwa juu ya mchanga mkavu. Alinitazama. Akanitazama tena. Halafu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mfa maji haachi kutapatapa."

Vijana wakacheka. Walidhani anajisema mwenyewe, nyota iliyozama. Dada Shirin naye akacheka. Mimi sikucheka. Ama anajua, ama ananitisha. Sijui lipi baya zaidi.

Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Kwenu hasa wapi?"

"Bagamoyo, mjomba."

"Bagamoyo kubwa," akasema, akaenda zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama kapiga simu. Habari za filamu zimefika Kiwangwa. Baada ya salamu ndefu za kuku, mihogo na jirani aliyejifungua, akauliza, "Hiyo kazi ina maji?"

Nikamwambia kidogo tu.

"Zena mwanangu," akasema, "maji hayana kidogo."

Atanisomea dua. Nilitaka kumwambia yote. Nikamwambia mtandao unakatika.

Kwa nini sijitoi? Nijibu hapa, hapa hakuna wa kumdanganya. Kuna msichana wa Temeke anasubiri nijikwae tu. Nikijitoa, nitasuka vichwa vya mabibi harusi wengine mpaka nizeeke, na kila Bin Chumvi akitajwa nitauma ulimi. Naogopa maji. Hilo naliogopa karibu sawasawa.

Jumapili, 10 Agosti

Kesho. Nimekwenda chooni kama mwenye kipindupindu. Nimeandika namba ya Mama kwenye karatasi nikaitia mkobani. Ujinga. Wote pale wananijua. Lakini sijaitoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Niko hai.

Alasiri hori lilikuwa limejaa, mikoko imebaki vichwa. Maji rangi ya chai ya maziwa, huoni hata goti lako. Watu wa Kaole walikuja kutazama kama wamealikwa harusi. Boya la kuokolea lilikuwa moja, limetundikwa kwenye mkoko wa ng'ambo, na hakuna aliyekuwa akilitazama.

Tukaingia. Magotini. Kiunoni. Kifuani. Matope yanavuta nyayo. Mbele yetu kidogo tu ardhi inakatika, nilihisi ubaridi wa kile kina ukinijia miguuni. Mkono wake ukaja shingoni. Nikapiga shahada moyoni. Akanizamisha.

Chini hakuna sauti. Nilimkamata mkanda. Nikanywa maji, nikanywa tena. Nilijua nakufa, na nilichokumbuka ni kichwa cha mteja nilichokiacha nusu. Sasa ndipo alipotakiwa kuniachia. Maji yalikuwa yakinivuta kuelekea kule kwenye kina.

Hakuniachia. Alininyanyua.

"Kata!" Dada Shirin akapiga kelele. "Sefu, hapo uachie! Achia aende!"

Mara ya pili vilevile. Alinishika kwapani, chini ya maji, mahali ambapo kamera haioni, akanisimamisha kwa miguu yangu. "Achia!" Sasa watu wa ufukweni nao wakadakia: "Achia, Bin Chumvi! Muachie mtoto, zama zako zimekwisha!" Vicheko.

Mara ya tatu Dada Shirin aliingia majini na viatu vyake. Uso umemwiva. "Sefu, hii si filamu yako tena. Kazi yako ni moja. Umwachie."

Niliacha kukohoa nimsikie.

Mjomba Sefu akasema, "Mkono umekataa."

Maji yakaanza kupwa, siku ikapotea. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Neno moja tu lingemsafisha. Hakulisema. Na mimi sikulisema. Nilifunikwa kanga, nikapewa chai, nikaambiwa pole, yule mzee ana wivu.

Nikanywa ile chai.

Jumanne, 12 Agosti

Mji mzima umepata habari. Mtu amepiga video na simu, imesambaa. Wameipa jina, King'ang'anizi. Wateja wanaonyeshana wakiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele na kucheka. Mmoja kaniambia nishukuru Mungu, alitaka kuniua yule.

Dada Shirin amemtoa kwenye filamu. Bamvu lijalo atakuja mwigizaji mwingine kuvaa ndevu zake.

Huyo mwingine ataachia. Ameambiwa kazi yake ni kuachia.

Sijala tangu asubuhi. Nilikuwa nikimwogopa mtu mmoja tu pale majini, na ndiye pekee aliyekuwa amenishika. Leo ananyamaza nyumbani kwake, mji unamcheka kwa ajili yangu. Najionea haya mpaka masikio yanawaka.

Jumatano, 13 Agosti

Nimesema.

Nilikwenda dukani asubuhi kabla miguu haijabadili nia. Baba yake Dada Shirin alikuwa akimwuzia mtu sufuria, akanikaribisha nichague. Nikasimama kati ya mabeseni kama mteja. Dada Shirin aliposhuka nikamwambia palepale, mbele ya ndoo na vifuniko, "Dada, mimi sijui kuogelea. Kwetu Kiwangwa. Mjomba Sefu alijua. Ndiyo maana hakuachia."

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilidhani atanitukana. Alisema, "Ningekuua. Ningekuua, na kamera ikiwaka, na ningesema umeigiza vizuri."

Nikaanza kulia. Baba yake akageuka upande wa masufuria.

Kisha hasira zikamjia, za haki. Kwa nini nilinyamaza? Kwa nini nilimwacha Mjomba Sefu azomewe? Akasema bamvu linarudi tarehe ishirini na tano. "Ukijua kuelea, unaingia. Hujui, nampigia yule wa Temeke, na usininunie."

Akavaa viatu vyake, ambavyo bado vina matope ya Kaole, akaniambia twende. Nyumbani kwa Mjomba Sefu nilibaki mlangoni. Tangu kazi ianze Dada Shirin alikuwa akimwita Sefu, kavukavu, kama kijana wa kubeba taa. Leo nilimsikia akisema, "Shikamoo mjomba." Akasema tena, sauti ikiwa imeshuka, kwamba amekuja kuomba radhi.

Niliogopa Mjomba Sefu hatajibu.

"Marahaba," akasema. "Na huyo wa mlangoni aingie. Uji utapoa."

Jumapili, 17 Agosti

Maji mafu. Bahari leo haina haraka, haijai sana wala haipwi sana. Tumeingia asubuhi, mimi na Mjomba Sefu, hii ni mara ya tatu tangu Alhamisi. Hakuna kamera. Nimevaa dera kuukuu na suruali ya mazoezi.

Nalala chali, mkono wake uko chini ya mgongo wangu. Masikio yakiwa ndani ya maji, maneno yake yanakuja kwa mbali. Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema halikuwa neno lake la kusema. Nikamwuliza alijuaje.

"Mkono unamjua anayeshika kuigiza na anayeshika kufa," akasema.

Halafu, bila kuulizwa, "Vazi lile nalitaka bado. Usidhani."

"Najua, mjomba."

Bado naogopa. Niandike ukweli. Kila wimbi dogo likinipita usoni, nafumba macho. Dada Shirin amemrudisha kwenye filamu, na tarehe ishirini na tano haiko mbali. Inawezekana Temeke watashangilia. Mama hajui lolote, nimemwambia mtandao umetengemaa.

Kabla hatujatoka nilimwambia, "Mjomba, achia."

Hakuachia. Nilihisi vidole vyake vimekaza.

Nikavuta pumzi, nikatazama juu. Nikasema taratibu, "Achia, mjomba. Nipo."

Akaachia. Maji yakanigusa mgongoni pale mkono wake ulipokuwa, ya baridi, yakanibeba.