Bakuli la Lorna na Fomu Yenye Jina la Mtoto Wetu

Mpendwa Bi Verna,

Naomba msaada wako, na kama gazeti linaruhusu naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa nina safari ambayo sijamwambia mtu yeyote, na barua hii nimeileta mwenyewe kwa mkono kwa sababu posta ya hapa kila mtu anamjua kila mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, nimefunga ndoa na mwanamke mwenzangu, Joleen, huu mwaka wa saba, na tuna binti wa miaka minne anaitwa Opal. Joleen ndiye aliyembeba tumboni, mbegu tulipewa na Garrett, rafiki yake tangu shuleni, fundi wa matrekta, mtu mpole, na tulikubaliana toka mwanzo kwamba yeye ni Mjomba Garrett basi. Cheti cha kuzaliwa kina majina yetu wote wawili, mimi na Joleen. Ni mimi ninayemwamsha Opal, ninayemchana zile nywele zisizochanika, ninayempeleka chekechea, na akiota vibaya anaita Mama Kori, haiti Mama Jo, na ninakuambia haya ili ujue ni nini wanataka kuninyang'anya.

Kabla sijaendelea niungame jambo moja. Miaka minane iliyopita, nikiishi mji wa Salina, nilijiunga na kikundi cha watu kama sisi, cha kusaidiana na kutetea haki zetu, na mlangoni kulikuwa na daftari, ukiingia unaandika jina lako lote, nami nikaandika kama mjinga. Haukupita mwezi, picha ya ukurasa ule ikabandikwa ukutani jikoni kazini kwangu, jina langu limezungushiwa wino mwekundu, zamu zikapunguzwa, kisha kazi ikaisha, na mama yangu mzazi habari akaipata kwa msusi wake. Mpaka leo hatuongei. Tangu hapo siandiki jina langu popote nisipolazimishwa, hata chini ya bakuli. Unajua hapa kwetu ukipeleka chakula kwenye mkusanyiko unabandika tepu chini ya chombo na kuandika jina ili kikurudie; changu kinakwenda kitupu, na Joleen hunicheka, "Kori, bakuli lako halina kwao." Na nilimwambia wazi, kikundi hakitaingia nyumba hii. Vile vikaratasi alivyokuwa akileta vya vyama vya wanandoa kama sisi, nilivitupa kabla hajavua koti.

Sasa sikia. Tangu Septemba Joleen kila Jumanne jioni anakwenda mazoezi ya kwaya. Bi Verna, Joleen hawezi kuimba, akiimba bafuni mbwa anaomba kutoka nje. Lakini nikampikia, akawa anaondoka na bakuli langu la bluu la viazi na jibini, na wiki tatu zilizopita akarudi na bakuli la bluu lakini zito kuliko langu, nikaligeuza, nikakuta tepu imeandikwa LORNA.

"Lorna ni nani?"

"Lorna gani?"

"Huyu hapa, wa chini ya bakuli."

"Aa, huyo. Anaimba sauti ya pili."

"Ya pili ya nani?"

"Ya kwaya, Kori! Mungu wangu, ni bakuli tu, yamebadilishana!"

Mtu mwenye bakuli tu hawi mwekundu mpaka masikioni. Jumanne iliyofuata nikamwacha Opal kwa jirani nikamfuata. Akaenda kanisa la Walutheri, sawa, lakini akateremka chumba cha chini, nikasimama pale nje dakika ishirini sikusikia hata noti moja. Mlangoni pamebandikwa karatasi: kikundi cha kusaidiana na kutetea wanandoa wa jinsia moja na familia zao. Na ndani, pale pale mlangoni, meza, na mwanamke, na daftari. Halafu nikaiona pikapu ya Garrett imeegeshwa. Garrett hana mume wala mke, kule ana shughuli gani? Nikachungulia dirishani nikamwona ameinama mezani anatia saini karatasi, na Joleen amemwekea mkono begani, analia.

Alhamisi mwalimu wa Opal, Bi Hedlund, akaniambia mlangoni, "Nimeshamwambia Joleen, barua yangu juu yako iko tayari," kisha akaziba mdomo. Barua juu yangu! Jumamosi Joleen anaosha vyombo, ananiuliza kwa sauti ya juujuu, "Hivi Salina ulihama mwaka gani? Na kabla ya pale ulikuwa unakaa mtaa gani?" Miaka saba hajawahi kuniuliza. Jumapili nikapekua, nisikufiche, na chini ya mablanketi ya baridi nikaikuta fomu ya mahakama, juu imeandikwa OMBI LA KUASILI MTOTO, na chini yake jina la Opal, lote, na tarehe yake ya kuzaliwa, na nyuma imebanwa karatasi yenye saini ya Garrett. Nilisikia gari, nikairudisha kabla sijafungua ukurasa wa pili, lakini wa kwanza ulinitosha.

Hivi, Bi Verna, mtu anaasili mtoto wa nani? Huyu ana mama wawili, wazima, wanakula meza moja! Wanamhamishia Garrett, hakuna jingine, Joleen ana Lorna wake, mwalimu ameandika jinsi nilivyo mbaya, na ukichanganya na upasuaji wa tezi ya shingo wa tarehe kumi na nne, ambao Joleen anasema ni mdogo na hataki tuuzungumzie, na mama yake anayepiga simu akisema mtoto arudi kwenye damu yake, naona wote wameshapanga na mimi peke yangu ndiye sijui. Mkoba wa Opal uko tayari kwenye gari, yule sungura wake wa kitambaa nimemweka juu kabisa. Ijumaa nitamchukua chekechea mapema nivuke naye mpaka wa jimbo, twende kwa dada yangu.

Niambie, nimkabili kwanza, au niondoke kimya?

Usiandike jina langu.
Kori


JIBU

Kori,

Majina yote nimeyabadilisha, na la mbwa ningelibadilisha kama ungelitaja, kwa hiyo vuta pumzi. Ukimaliza kuvuta, nenda kwenye gari ukatoe ule mkoba. Umetoa? Haya, tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia Joleen. Mara ya pili nilikukasirikia wewe. Mara ya tatu nilisukuma kikombe changu pembeni, kwa sababu nilihesabu mistari: bakuli la Lorna umelipa mistari chungu nzima, upasuaji wa mkeo umeupa mstari mmoja na nusu, tena umeubana katikati ya ugomvi na mama mkwe. Yaani mwenzio anakwenda kukatwa shingo tarehe kumi na nne, hataki uzungumzwe, na wewe unapeleleza vyombo!

Umeniuliza mtu anaasili mtoto wa nani. Nakujibu: wake mwenyewe.

Ndiyo, hapa kwetu. Wanawake wengi kama wewe wamefanya hivyo, na kila mmoja aliyenisimulia alitukana kwanza. Ni fedheha, sikatai, kuomba kwa jaji mtoto uliyemlea toka siku ya kwanza, kukaguliwa hadi kabati la dawa na afisa ambaye hajawahi kubadilisha nepi. Lakini cheti cha kuzaliwa kimeandikwa na ofisi, na ofisi ya jimbo jingine inaweza kukitazama kwa jicho jingine. Amri ya mahakama ni ngumu zaidi kupuuzwa. Mimi si wakili, na sheria za jimbo hili si za jimbo lile, kwa hiyo wakili ndiye atakayekuambia yako inasemaje. Mimi nasoma barua tu, na yako naisoma hivi.

Mwanamume anayetaka kuchukua mtoto hateremki chumba cha chini cha kanisa kati ya watu wanaowatetea mama wawili. Garrett, kwa akili yangu, alikuwa anasaini kuachia, iandikwe mbele ya mashahidi kwamba hatadai kitu, ili nafasi iwe wazi kwa mtu mwingine. Na Joleen akalia. Wewe ungefanyaje, ungepiga makofi? Mwalimu ameandika barua juu yako, kweli, na kama ingekuwa mbaya asingekuja kukuambia mlangoni huku ana furaha ya kutoboa siri. Mitaa uliyoishi wanaiuliza wote wanaompima mzazi. Wanampima nani? Joleen amemzaa mtoto, hana haja ya kupimwa. Garrett hajawahi kukaa Salina.

Amebaki nani, Kori?

Mkeo anaogopa itakuwaje asipoamka baada ya upasuaji. Amemsikia mama yake kwenye simu kama ulivyomsikia wewe, habari za damu, na amejiuliza nani atasimama mlangoni siku hiyo, na karatasi gani mkononi. Ndiyo maana amekwenda kutafuta watu wanaojua njia. Na kwa nini alikwenda kwa uongo wa kwaya, uongo wenyewe mbovu namna hiyo? Kwa sababu katika nyumba yako neno kikundi halitamkwi.

Lakini naye ana kesi kwangu, na najua ananisoma. Joleen, mama, ulitaka kumpa mwenzio zawadi kwa ghafla, sawa, lakini zawadi inayohitaji saini yake na ukaguzi wa nyumba yake si keki ya siku ya kuzaliwa. Umemficha mambo mtu ambaye alishaumizwa na watu waliopanga nyuma ya mgongo wake. Amekuuliza Lorna ni nani, ukasema "ni bakuli tu." Muombe radhi, tena kabla hajakuomba yeye.

Sasa turudi kwako. Waliyokufanyia Salina yalikuwa unyama, na sitakuambia usahau. Una haki ya kushuku. Lakini shuku kwa kuuliza, wala usishuku kwa kuchungulia dirishani. Nenda kwa yule mwanamke wa daftari umuulize usoni: hili linakaa wapi, nani ana ufunguo, nikiandika herufi moja tu mtanikubali? Wakikwepa kujibu, ondokeni wote wawili, mtafute kikundi kingine hata kama ni mwendo wa saa mbili, mradi vipo. Wakili wao, kama wanaye, muulizie pale mahakamani kama anatambulika. Na uongee na wanandoa wawili walioshikwa mkono na kikundi hicho wakamaliza, watu wenye watoto na karatasi, siyo wenye hotuba.

Na ule mpaka wa jimbo, ukivuka na mtoto Ijumaa bila kumwambia mama yake, umempa mama mkwe wako kila kitu alichokuwa anakitafuta. Hapo ndipo kweli mtu ataandika barua mbaya juu yako, na itakuwa ya kweli. Sungura mrudishe kitandani kwa Opal kabla hajamtafuta.

Leo Joleen akirudi kutoka kazini, usimuulize Lorna ni nani. Mwambie umeiona fomu, mwambie ulipekua, yote, usijisafishe. Kisha mwambie, "Niletee, nataka kusoma ukurasa wa pili." Mahali palipoandikwa jina la mwombaji, ukikuta la Garrett, nipigie hapa gazetini na nitakuomba radhi mbele ya wasomaji wote. Ukikuta lako, msiendelee kukaa hapo mezani mnalia. Kesho asubuhi mpigieni wakili, mumtajie tarehe kumi na nne, mumuulize kipi kinaweza kukamilika kabla yake na karatasi gani nyingine Joleen aisaini kwa ajili ya hospitali, maana mahakama haina haraka na daktari hatasubiri.

Jumanne mwende wote. Lioshe bakuli la Lorna, ulijaze viazi vyako, umrudishie mwenyewe, na mtazame vizuri. Mimi nadhani utakuta mama wa watu anayelitafuta bakuli lake wiki tatu sasa, kwa sababu lako halikuwa na jina na hakujua amrudishie nani. Ukipewa lako, ligeuze, bandika tepu, uandike jina lako lote. Kalamu utakuwa nayo, ile utakayokuwa umesainia fomu kwamba Opal ni wako.

Bi Verna