Pena Ameandika Kwamba ni Mzima

Ralitsa, mjukuu wangu,

Tangu Pasaka hujakanyaga hapa! Pilipili za akiba ya majira ya baridi nimechoma peke yangu mpaka vidole vikababuka. Usinitajie kazi. Kazi yako ni majirani zangu.

Nimemwambia Todorka wa posta aniandikie bila kupamba. Wale wazee kumi na mmoja uliowapa dawa ya majaribio ya presha, na madaftari ya kuandika wanavyojisikia, wanakudanganya. Kila siku wanaandika "mzima". Wewe ni mtoto wa kijiji hiki, hawataki ukose cheo huko Sofia kwa sababu yao.

Pena, mmoja wao, ameanguka mara mbili kwa kizunguzungu akiinuka kitini. Jana kapasuka nyusi. Nikamwambia, "Andika, we kichwa ngumu!"

Akanijibu, "Nyamaza, Zdravka. Si wewe uliyenikataza kuandika nilipoanguka mara ya kwanza?"

Ni kweli. Mimi ndiye niliyemkataza, na najikasirikia kwa hilo mpaka sasa. Lakini nawe unapiga simu tu: "Bibi Pena, hujambo?" Nani hapa atamwambia mtoto wake kwamba anaumwa?

Leo leo mpigie daktari wako anayesimamia majaribio, umwambie yote, hata kama cheo kitaota mbawa. Utabaki mjukuu wangu, mshenzi wewe, nakupenda.

Bibi yako,
Zdravka

Jumamosi mje wote wawili, wewe na daktari. Usianzie kwangu. Nenda kwa Pena, mwambie ainuke kitini mbele yako, na uandike ulichokiona kwa macho yako. Chakula utakula ukishamaliza.