Moshi mu Chumba ya Mama

Bunia, tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu

Kwa yaya yangu mupenzi Anastasie, dada yangu mukubwa, kule Aru,

Salamu mingi mu jina ya Bwana. Bwana yako Antoine iko muzima? Na mugongo yako inakuuma tena? Siye huku tunaamuka, tuko hai. Barua hii namupa Mbusa, shofere mwenzangu, aitie mu mukono yako weye mwenyewe. Kwa telefone siwezi: kila ukipiga, Mama anakaaka pembeni yangu, anasikiliza.

Unakumbuka tulipomaliza kuzika Baba, familia ilisema Mama abaki kwangu, juu hawezi kulala ku nyumba ya mukwe wake. Weye uliniomba kitu moja tu: kifua ya Mama ni mubovu, niache sigara. Nilikubali mbele ya watu wote.

Nilijaribu, yaya. Siku tatu nilitetemeka sawa mutu wa malaria. Ndipo Vanessa, ule anauzaka vitu vya telefone sokoni, akanionyesha sigara ya batri. Iko sawa kalamu kubwa ya bic. Ndani muko waya kidogo, na pamba yenye kulowana na maji ya nikotini. Ukivuta, waya inapata moto, ile maji inageuka mvuke. Kiberiti hapana, majivu hapana. Vanessa alisema haiko moshi hata kidogo. Ku parking mashofere walinicheka sana, eti muzee Blanchard amerudia kunyonya biberon sawa mutoto muchanga, wamuletee na uji, bouillie. Nilivumilia.

Sasa sikia kosa yangu. Juu niliambiwa haiko moshi, niliingia nayo mu chumba ya Mama. Kila jioni nakaa ku kitanda yake, dirisha imefungwa juu ya baridi, tunaongea, navuta. Mama alisema inanukia nanasi.

Kisha batri ikawa inanizimikia njiani, na courant ya umeme unajua vile iko, inakatikaka. Nikanunua sigara ya kweli pale Komanda, moja tu. Leo navuta vyote viwili, kupita zamani.

Mama alianza kukohoa mpaka anakosa pumzi. Ku centre de santé, kule kwa matibabu, muuguzi, infirmière Immaculée, aliuliza nani anavutaka ku nyumba. Mbele nijibu, Mama akasema hakuna, mutoto yake aliachaka. Kesho yake nilirudi peke yangu kusema ukweli. Immaculée hakunigombeza. Alisema ile mashini ya batri inasaidiaka wengine, lakini mutu anaacha sigara kabisa, kisha anapunguza nikotini polepole. Na ile mvuke haiko hewa tupu, haifai mu chumba ya mugonjwa wa kifua.

Yaya, nilikuambia ni vumbi inamukohoza Mama. Nilidanganya. Ni miye.

Mashini niliitupa mu choo. Siku ya pili nikanunua ingine. Sasa navutia inje, nikisema ya mwisho, lakini mvua ikinyesha narudi ndani. Miaka makumi tano, na nashindwa na kitu ya kutosha mu mufuko ya shati.

Najua ni haya kubwa Mama alale kwa Antoine. Unilaumu miye mbele ya bwana yako. Lakini kuja umuchukue Mama. Usimuambie sababu: atakataa, atasema anabaki na mutoto yake mwenye aliacha sigara.

Salimia batoto. Mungu awachunge, na anihurumie.

Ndugu yako,
Blanchard