Pete ya Afande Ndani ya Roleksi

Jumamosi

Kidole kimevimba, kwa hiyo naandika kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo mwandiko wangu bado unaushinda wa Musa.

Kabla ya mashindano ya klabu yetu ya mazingaombwe, hapa Bukoto, tulikubaliana na Musa: atakayeshindwa atamwita mwenzake Profesa mwezi mzima. Mimi nilipanga kupoteza pete pale mezani, watu wakinikodolea macho, halafu itokee ndani ya roleksi, ile chapati ya kukunjwa na mayai.

Nikaazima pete ya ndoa ya jaji wetu, Afande Halima, polisi mstaafu. Nikaificha chini ya meza kwa kuivaa kidoleni. Ikakwama.

Watu walikuwa wakisubiri, nikaikunjua roleksi hivyo hivyo. Mayai na kabeji tu.

"Kijana," Afande akasema, "nimefunga watu miaka mingi. Pete yangu iko wapi?"

Nikaikunja tena roleksi, nikauzamisha mkono wote ndani, nikaivuta pete huku nikinong'ona. Walidhani ni maneno ya uchawi, kumbe namwomba Mungu. Mafuta ya chapati yakanihurumia. Pete ikatoka na kipande cha nyanya.

Makofi kweli nilipata. Lakini Afande aliinusa pete yake, akakunja uso, akampa ushindi Musa na karata zake za kizee.

Nje, Musa akanivuta pembeni. "Sebo, bwana wangu, niambie. Tuliona chapati haina kitu. Pete iliingiaje?"

"Aa, Profesa," nikamwambia, "hata wewe hujui?"