Kitabu Hakina Mtunza Bustani

Nyumbani,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na humu ndani sote tunapumua vizuri, ndiyo maana nina nafasi ya kuhangaika na afya yako. Mgongo unaendeleaje? Bado unatengeneza lifti za watu, unaning'inia kwenye mashimo yake kama popo? Na mkaza mjomba, kile kikohozi kimemwacha? Nasikia mapacha wameshakupita kwa urefu. Wape pole kwa kurithi miguu yako.

Huku paa la jikoni limeacha kuvuja baada ya fundi kuja mara nne. Mara tatu za kwanza alikuja kunywa chai. Mimi bado nasaga lenzi kwenye karakana ya miwani, kwa bosi yule yule tunayemwita Bwana Fremu, na bado hanipandishi cheo. Lakini leo sikuandikii hayo. Nakuandikia kuhusu vile vitabu vyako vitatu, na jinsi dada yako, mama yangu mzazi, alivyotuchezea sisi wawili kwa miezi mitatu. Tafuta mahali ukae.

Utaratibu wa nyumba hii unaujua. Kitabu kikiingia, wa kwanza kukisoma ni Mama, nami nangoja zamu yangu hata kama roho inanitoka. Kifurushi chako kilipofika Januari, nilipata kutazama majalada tu. Riwaya ya fantasia ina msichana aliyepanda ndege mkubwa. Ya upelelezi ina nyumba, na makasi ya kukatia maua yamelala kwenye ngazi. Ya kihistoria ina mwanamke aliyeshika shada la funguo. Mama akaniambia nimwelezee picha hizo na nimsomee kwa sauti yale maneno ya nyuma ya kila jalada, eti apate utamu kabla ya mlo, kisha akavibeba vyote chumbani kwake na kufunga mlango.

Ndipo simulizi zikaanza. Kila alasiri jirani yetu mshonaji aliiacha cherehani yake akaja kukaa sebuleni, na Mama akatuhadithia alichosoma jana yake. Cha upelelezi ndicho kilichotushika zaidi. Mfamasia amekutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani, na Mama akatueleza habari za mtunza bustani wake, mtu mwenye wivu, anayenoa makasi huku akipiga mluzi. Jirani alikuwa akisikia mluzi njiani anaharakisha mwendo. Hata wewe alikupigia simu akakuhadithia nusu saa nzima, ukaniandikia kwamba hujawahi kusikia mtunza bustani mwenye roho mbaya namna ile. Pole, Mjomba. Uliingia mkenge pamoja nasi.

Nikimwomba kitabu kimoja tu, jibu lilikuwa moja: bado anakirudia, kuna mahali hakupaelewa. Miezi mitatu! Unanijua, mimi nikikosa cha kusoma nasoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Mwezi wa Aprili uvumilivu ukaniishia. Mama alipokwenda kwa jirani kupimwa gauni, nikaingia chumbani, nikakiiba kile cha upelelezi na kukificha kwenye mkoba chini ya koti la kazi.

Mjomba, kitabu kile! Nilikisoma saa ya chakula, nimeegemea mashine ya kusagia. Nilikisoma nikipanda ngazi. Nilimkabidhi mteja miwani ya mtu mwingine, akatembea nayo hadi kona ya barabara ndipo akagundua kwamba dunia imepinda. Marehemu ana binti anayehesabu vidonge vya dukani kila asubuhi, na asubuhi moja vinapungua viwili. Sikuambii zaidi, utakisoma mwenyewe.

Ila muda wote nilikuwa namngoja mtunza bustani. Sura ya tatu hayupo. Ya kumi hayupo. Nikafika ukurasa wa mwisho, muuaji ameshatiwa pingu, na mtunza bustani hajatokea hata kumwagilia maua. Nikadhani kuna kurasa zimenyofoka. Nikazihesabu, zote mia tatu na kumi na mbili zipo. Basi nikarudi kuiba na vile viwili.

Kile cha fantasia kinahusu mji ulio chini ya ziwa, ambako watu huazimana vivuli, na aliyeazimisha chake haruhusiwi kuota ndoto mpaka kirudi. Nimekipenda mno, mimi niliyekuwa nikisema hadithi za aina hiyo ni za watoto. Ndege wa kwenye jalada anakufa ukurasa wa tisa. Kwa Mama, ndege huyo alikuwa ameshatawala nchi na kuozesha mabinti wawili. Na yule mwanamke wa funguo, ambaye kwa Mama alikuwa mke wa askari jela aliyempenda mfungwa, kumbe ni mtunza ghala la nafaka katika mji uliozingirwa na maadui, na kila siku yeye ndiye huamua nani ale. Niliisoma sura yake ya mwisho kazini nikalia, nikawaambia wenzangu ni vumbi la lenzi. Vitabu vyote vitatu ni vizuri kupita kiasi. Na nikuambie kweli, vya Mama navyo vilikuwa vizuri.

Nilidhani anatutania tu, nikaamua kumvizia nami nimcheke siku yangu ikifika. Siku hiyo ilifika Jumatano moja, na sikucheka.

Mama huniletea chakula kazini karibu kila siku, kisha hukaa kwenye benchi la wateja hadi jioni kwa kuwa anapenda mazungumzo ya watu. Jumatano hiyo dereva mmoja mstaafu alikuwa anapimwa macho, asome herufi za kwenye ubao ulio ukutani. Akakwama mstari wa nne. Mama, akiwa ameupa ubao mgongo na anamenya chungwa, akammalizia mstari wote, na wa tano, na wa sita ambao mimi mwenyewe siuoni bila miwani. Wateja wakacheka. Mimi ndiye ninayempima Mama kila mwaka, kwa ubao ule ule, na kila mwaka nimeandika kwenye kadi yake kwamba macho yake ni safi.

Nikaugeuza ubao upande wa pili, wenye tarakimu. Nikamwomba Mama asimame kwenye alama anisaidie kujaribu taa. Akasimama, akazitazama zile tarakimu, akanisomea herufi. Zote, kwa mpangilio, kwa sauti ya mwanafunzi anayejua atapewa zawadi. Bwana Fremu akatoka nje akijifanya ameitwa.

Nilipomwambia kilichopo ukutani, alikaa akapangusa mikono kwa leso, polepole, kidole kwa kidole.

"Miaka miwili sasa," akasema. "Ilianza kama moshi. Nikajua utapita."

"Mama, mimi ndiyo kazi yangu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ndiyo maana sikukuambia. Unasaga lenzi za mji mzima halafu mama yako haoni? Watu wangekusema. Na mdogo wangu angejua sisomi, angeacha kuniletea vitabu, angeanza kuniletea mashuka."

Mjomba, sijawahi kuona aibu kama ile, wala uchungu kama ule. Miaka miwili tunakula meza moja, ananiomba nimtungie uzi kwenye sindano, ananiambia nichambue maharage yeye kachoka, nami nachambua.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji ni wa muda mfupi. Lakini akasema pia kwamba tukizidi kuchelewa, jicho la kulia huenda lisirudi tena. Mama akasikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, na tulipofika barabarani akasema hakuna mtu atakayemtia kisu jichoni. Tulibembeleza, mimi na jirani, wiki nzima. Alikuwa jiwe.

Nikaona basi, walau nimsomee. Nikaanza na cha upelelezi. Ukurasa wa pili hakuwa na raha.

"Mbona unasoma kama unaita majina darasani? Mtu amekufa hapo!"

Akanikosoa sura baada ya sura, lakini hakuninyanyua kwenye kiti. Zilipobaki kurasa ishirini, na yeye ameshawashuku watu watano, nikakifunga kitabu.

"Hizi utazisoma mwenyewe," nikamwambia.

"Mwanangu, usinifanyie hivyo."

"Nimeshafanya."

Siku nne hakunisemesha. Akamwomba jirani amsomee, na jirani, niliyekuwa nimeshamwonya, akasema ameacha miwani yake kwake. Anakaa mlango wa pili, Mjomba. Siku ya tano nilikuwa nafunga viatu niende kazini, nikasikia sauti kutoka chumbani ikiuliza huyo daktari anafungua saa ngapi.

Alituapisha tusikuambie hadi tujue upasuaji umekwendaje, ndiyo sababu ulikuwa unapiga simu tunakuongelesha habari za paa. Usinikasirikie. Nilimshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji, nikabaki kwenye kiti nikijiuliza kama nimemlazimisha mama yangu kwa ajili ya kurasa ishirini. Niliogopa, Mjomba, nikaogopa kweli. Kisha akatoka amefunikwa jicho, akalalamika kwamba muuguzi ana redio mbaya, nikajua tumepona.

Wamelifanyia hilo la kulia kwanza, la kushoto litafuata. Baada ya kulingoja litulie, nikamtengenezea miwani ya kusomea. Lenzi ya kwanza niliivunja. Ya pili niliisaga vibaya. Ya tatu Bwana Fremu aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akasema hana la kuongeza.

Jana nikamvalisha. Alinitazama kwanza mimi, akanitazama sana, akasema, "Kumbe umezeeka." Kisha akatazama dari na kuuliza ni nani aliyeziachia zile tando za buibui. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Leo asubuhi amevuta kiti dirishani na kile kitabu cha upelelezi. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye zile kurasa ishirini. Hapana, amefungua ukurasa wa kwanza. Anasema anataka kuwaona watu hao yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, Mjomba, usithubutu kutuma mashuka. Tuma vitabu, vya aina zote tatu, na safari hii visome kwanza ili tupate wa kubishana naye. Msalimie sana mkaza mjomba, na mapacha warefu. Jirani mshonaji anakusalimu, anasema anamkumbuka sana yule mtunza bustani. Bwana Fremu naye anakusalimu. Mungu akushike mkono huko mashimoni, na akushushe salama kila jioni.

Salamu za Mama ningekuletea, lakini sina. Nimemwambia nafunga barua, ana neno gani kwa mdogo wake. Akainua kidole bila kuinua uso.

"Ngoja nimalize ukurasa."

Nimengoja. Ameshafungua mwingine.

Akupendaye kutoka moyoni,
Mpwa wako, msaga lenzi.