Nilimfundisha Mpangaji Wangu Kufungua Kura

Bi Prudence mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa najua utanicheka, maana nasoma safu yako kila Alhamisi tangu mume wangu alipokuwa na nywele, na huwahurumii watu. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na tatu, mzaliwa wa Tarbell hapa New Hampshire, nina mume, Armand, mwenye moyo mgonjwa, na miti mia mbili ya mepo, ile yenye utomvu mtamu, ambayo kila mwezi wa tatu tunaigema utomvu na kuupika uwe asali, na juu ya banda letu la gari kuna chumba ambacho tangu mwaka juzi nimempangisha kijana anayeitwa Colby Renshaw na mkewe Janelle, waliotoka Arizona.

Colby ni mmoja wa wale watu wa uhuru, wale waliokubaliana kuhamia jimbo letu kwa maelfu kwa sababu ni dogo na kura chache zinatosha kuligeuza, wanaosema kodi ni wizi na kwamba serikali haina kazi ila kumwacha mtu na mambo yake, na hakunificha hata kidogo, lakini Bi Prudence, kijana huyu hanywi, anapasua kuni bila kuambiwa, anatembea na bastola kiunoni hata akienda kuokota mayai lakini ananiita mama, na wanangu wa kuzaa wako Boston na hawapigi simu, basi nikampenda. Mwezi wa kumi na moja msumeno wa injini ulimpasua muundi, na mimi ndiye niliyepiga simu, na gari la wagonjwa la mji likafika kwa dakika tisa.

Sasa mwezi wa pili alikuwa anakula chapati za maji jikoni kwangu akaniuliza, "Mama, kwenye mkutano wa mji, kura ikishapigwa ndiyo imekwisha?" Nami kwa kujitia mjuzi, maana shemeji yangu Hollis, mume wa dada yangu, ndiye msimamizi wa mkutano huo ambapo kila mwaka sisi wakazi wenyewe tunapigia kura mambo ya mji, mwaka wa ishirini na saba sasa, nikamwambia, "Imekwisha wapi, mwanangu! Lazima mtu asimame aombe kura ifungwe. Isipofungwa, inaweza kufunguliwa siku ileile, ila anayeomba ifunguliwe lazima awe alikuwa upande ulioshinda." Akasema, "Kumbe!" akajimiminia asali.

Jumamosi ya mkutano, mwezi wa tatu, kwenye ukumbi wa shule, asubuhi tukapiga kura kama mji uendelee kuwa na gari la wagonjwa, na nilimwona Colby kwa macho yangu haya akiinua kadi yake ya ndiyo pamoja nasi, akanitazama akatabasamu, nikamgonga dada yangu kiwiko, "Unaona? Malezi hayo." Tukashinda mia na kumi na nane kwa arobaini na moja, tukala maharage na nyama ya nguruwe na pai, na kwa kuwa usiku kulikuwa na barafu na mchana jua, utomvu ulikuwa unatiririka, na utomvu haungoji mtu, basi wenye miti wote tukaenda zetu kupika, mimi nikiwa wa kwanza mlangoni, na hakuna aliyesimama kuomba kura ifungwe kwa sababu tangu nizaliwe sijaona mtu akiifungua.

Saa tisa Colby akasimama, akasema yeye alikuwa upande ulioshinda, anaomba kura ifunguliwe. Waliobaki walikuwa hamsini na watatu, wengi ni wenzake. Wakaifungua, wakapiga upya, na gari la wagonjwa likafutwa kuanzia tarehe mosi Julai. Jioni akaja kunisaidia kuengua povu kwenye sufuria kama kawaida yake! Nikamuuliza, "Colby, umefanya nini?" Akajibu, "Nimefuata kanuni, mama. Kanuni zenu wenyewe. Watu wakilitaka gari, wajitolee kwa hiari yao."

Mji haukumlaumu yeye peke yake. Dukani kwake, penye posta yetu, Lorraine anasema mbele za watu, "Hollis alisinzia na nyundo mkononi, kama hakuhongwa." Hollis ameirudisha nyundo yake ya usimamizi, haendi kanisani, dada yangu ananililia kwenye simu, nami namwambia pole, pole dada, na mdomo haunifunguki kusema kwamba huyo mtu alisomea jikoni kwangu. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita kuna mkutano maalumu wa kulirudisha gari, lakini sheria inataka nusu ya wapiga kura wa mji wahudhurie, na watu wanasema Hollis ameshauza mji, wakafanye nini huko, na Colby naye ananiambia, "We kaa nyumbani tu, mama, hakuna anayekulazimisha." Nikisema ukweli watu watawatafuna wote wawili, Colby na mkewe, na Janelle ana mimba ya miezi saba, watakwenda wapi? Nikinyamaza, kifua kilimbana Armand mara mbili msimu wa baridi uliopita. Nifanyeje, Bi Prudence?

Mwenye Aibu, Tarbell

*

Mwenye Aibu,

Majina yote nimeyabadilisha, hata la mji, kwa hiyo siri yako ingali salama. Hilo ndilo linalonikera.

Tuanze na huyo mwanao wa kupanga. Mtu anayelichukia gari la wagonjwa kwa imani angetambaa na muundi wake mpaka hospitali, nami ningemvulia kofia. Huyu alipandishwa, akalazwa, akafungwa bandeji, na sijasoma popote katika barua yako kwamba aliwauliza wahudumu kama wamekuja kwa hiari yao. Kodi ikawa wizi tena mguu ulipopona. Na uhuru gani huo unaosubiri watu watoke kwenda kupika asali ndipo usimame kusema? Mwenye hoja huitoa ukumbi ukiwa umejaa. Wao walikuwa na mwaka mzima wa kuwashawishi majirani zao, wakaona kazi kubwa, bora kusubiri majirani waondoke. Halafu wanajiita majasiri, na bastola kiunoni, wakiogopa kura ya bibi mwenye sahani ya pai!

Sasa ninyi wa Tarbell, msikenue. Asiyekuwepo na lake halipo, na hamkuwepo. Kuifunga kura ni maneno matatu tu na mtu mmoja wa kuinua makalio kitini, mkaona ni mambo ya vitabuni. Mnajisifu kwamba mmejitawala kwa mikono yenu wenyewe kabla taifa halijazaliwa, kisha mnashindwa na vijana ambao werevu wao wote ulikuwa kukalia viti vya chuma saa mbili zaidi yenu. Nami huku nilipo si bora kuliko ninyi. Mwaka huu niliondoka mkutanoni saa saba, nikamlishe paka.

Nawe, mama. Kumfundisha hakukuwa kosa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ulimpa jembe, akaling'oa shamba lako, hiyo ni juu yake. Pole yangu unayo, kwa sababu najua simu isiyolia ilivyo, na mtu akikuita mama baada ya kimya kirefu unakuwa tayari kumwonyesha hadi ufunguo ulipofichwa. Lakini hizo pole unazomwaga kwa dada yako ni za nini? Mumewe anavuliwa heshima ya miaka ishirini na saba kwa kosa ambalo unajua si lake, wewe unamfutia machozi na jibu liko mfukoni mwako! Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kina anwani, kiko kwenye kifua cha mumeo.

Unauliza Janelle atakwenda wapi. Haendi popote. Mwenye mimba hafukuzwi, na chumba ni chako, mji hauna ruhusa ya kukupangia mpangaji. Ila waweke mezani wote wawili, uwaambie hivi: mimba ya miezi saba sasa ni mtoto wa Julai, na gari linaondoka tarehe mosi Julai. Hilo bingwa wa kanuni hakuliwaza. Kisha unyamaze, umwache mkewe aendeleze mazungumzo.

Leo, kabla hujaosha vyombo, nenda kwa Hollis. Usipige simu, nenda. Mwambie mbele ya dada yako, na akifoka mwache afoke, amengoja miezi miwili bila kujua nani wa kumfokea. Akimaliza mwombe airudie nyundo yake. Kesho simama dukani kwa Lorraine saa watu wanapofuata barua zao, useme kwa sauti nani alimfundisha Colby na jikoni kwa nani. Watakucheka. Watu wanaocheka hutoka nyumbani wakaone, na shida yako ni kuwatoa nyumbani nusu ya mji. Kisha gonga mlango wa kila mwenye miti aliyeondoka pamoja nawe siku ile, na usikubali jibu la "tutaona."

Siku ya mkutano, mpeleke Armand, umkalishe mbele. Mkishinda, usingoje mtu mwingine: simama wewe, taja jina lako, omba kura ifungwe.

Na ukiona yote haya ni mazito, ukaamua kukaa nyumbani kama mwanao alivyokushauri, basi nakuomba moja tu. Mwambie Armand kwamba ulinyamaza, na umwambie ulinyamaza kwa ajili ya nani. Mwambie leo, angali na pumzi ya kukujibu.

Prudence Wadleigh