Dawa Isiyo na Jina

Molepolole,
Jumapili, 21 Septemba

Mpendwa Mjomba Ditiro,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko machungani, mguu wa mkaza mjomba umepoa, na ng'ombe bado wanafika kisimani kwa nguvu zao wenyewe. Huku mvua bado. Mawingu yanakuja kila alasiri, yanatuangalia, yanaondoka. Bibi hajambo, ila anagombana na redio kila asubuhi, anasema inamdanganya kuhusu hiyo mvua. Mama ni mzima wa mwili. Mimi ninakula. Leo nimemaliza sahani nzima ya ugali wa mtama uliopikwa na tikiti, na Bibi ni shahidi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Usikasirike, Mjomba, lakini simu yako inashika mtandao ukiwa juu ya tangi la maji tu, na ukiwa huko juu unaongea kama unayeita ng'ombe, nami nikisikia sauti hiyo maneno yangu yote yanakimbia. Unanijua. Hata darasani mwalimu akinitaja jina naangalia dirishani. Kwenye karatasi huwa naweza. Mzee Oteng wa gari la maji ameahidi kukukabidhi mkononi.

Nataka kuzungumzia kile kikao cha Jumamosi ya tarehe 13. Wewe na wazee mlikaa kwenye viti hapo uani, sisi kwenye mkeka, na Mama akaeleza alivyoambiwa hospitali kule Gaborone: kwamba saratani ya tezi imerudi, kwamba zile dawa kali za kemo za mwaka juzi hazitoshi tena, na kwamba kuna utafiti wa dawa mpya ya kuamsha kinga ya mwili, na mimi nimetengewa nafasi. Ukauliza dawa yenyewe inaitwaje. Mama akakusomea herufi tatu na namba nne. Ulicheka mpaka kofia ikadondoka. Ukasema hiyo si dawa, hiyo ni namba ya gari, na kwamba wewe hata ndama wako humchomi chanjo isiyo na jina, sembuse mtoto wa dada yako. Watu wote walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, samahani.

Kisha ukauliza mtoto anasemaje. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Ukawageukia wazee ukasema, "Mmemwona? Kanyamaza. Huyu ana akili kuliko mama yake, amekataa." Na kikao kikaisha hapo.

Mjomba, sikukataa. Najua kwetu mtoto akinyamaza mbele ya wazee huhesabiwa kuwa yuko pamoja nao, na ingawa nilijua hivyo, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, si lako. Basi jibu langu ni hili: nakubali. Nataka kuingia kwenye utafiti.

Sikulirukia jambo hili. Fomu ilikuja kwa Kiingereza na kwa Kitswana, kurasa kumi na tisa kila moja, nikazisoma zote mbili nikiwa na rula na penseli nisiruke mstari. Nilipokwama nilimuuliza Daktari Seabelo. Yeye ni binti wa wafugaji wa Serowe, na alinieleza kwa namna ambayo hata wewe ungeitikia kwa kichwa. Alisema mwili una wachungaji wake, na kazi yao ni kufukuza kila mnyama mgeni. Saratani hii ni mnyama mgeni aliyejipiga chapa ya nyumba yetu. Wachungaji wakiiona ile chapa wanamfungulia zizi, wanarudi kulala. Dawa hii haimuui yule mnyama. Inawaamsha wachungaji na kuwaambia waikague chapa upya.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo mpaka ikambidi ainame, je, wachungaji wakiamshwa hivyo hawawezi kuwapiga hata ng'ombe wetu wenyewe? Akasema wanaweza. Wanaweza kuyashambulia mapafu, au matumbo, au ini, na imeshatokea kwa watu wengine, ndiyo maana watanipima damu kila mara, na nikianza kukohoa au kuharisha nisione aibu kusema. Nikamuuliza nisipoingia itakuwaje. Akasema ipo kemo nyingine kali zaidi, nitapewa, lakini matumaini yake ni madogo. Hakunificha. Katika kurasa zote zile, kwa lugha zote mbili, hakuna mstari hata mmoja unaosema nitapona. Upo unaosema naweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu mengine nitaendelea kupewa. Huo niliupigia mstari mara mbili.

Tena kuna fomu yangu peke yangu, ya watoto wa umri wangu. Daktari alisema nisipokubali kwa kinywa changu mwenyewe, hata wajomba kumi wasaini, hatanitundikia dripu. Nesi Bontle akadakia kwamba hao wajomba kumi wakija atawapanga foleni awapime presha kwanza.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limenifanya nichane barua hii mara tatu.

Siku ile ya kikao, kabla hujainuka, ulimgeukia Mama ukamwambia, "Uvimbe mkubwa kama yai la kanga shingoni mwa mtoto, na wewe huuoni! Ulikuwa unatazama nini, televisheni?" Tangu siku hiyo Mama anapita karibu na ukuta kama mtu aliyeiba. Walimu wa shule anakopika wakimsalimu anajibu bila kuinua macho. Nilipomwomba asaini fomu yake alisema mama aliyeshindwa kuona uvimbe hana haki ya kuamua kitu tena, aamue kaka yake.

Mjomba, Mama hakushindwa kuuona. Mimi nilimficha.

Niliugusa mara ya kwanza katikati ya mwezi wa sita, nikioga. Niliujua palepale, kwa sababu wa kwanza ulianza hivyohivyo, mgumu na usiouma. Kulikuwa na baridi, nikavaa skafu, na hakuna aliyeniuliza. Lakini Mama ndiye anayenisuka kila Jumapili tangu nywele zangu ziliporudi, na vidole vyake vingeufikia tu. Nikamwambia sitaki tena mitindo yake, ni ya kizee, Wame wa jirani ananisuka vizuri zaidi. Alisema sawa. Akalirudisha chanuo kabatini, wala hakuuliza. Wiki kumi na moja nilikaa hivyo, mpaka joto likaanza na Bibi akaniamuru nivue hilo blanketi la shingoni.

Nilitaka kufanya mtihani na wenzangu, mwaka huu nisiachwe tena na darasa. Niliogopa kule kutapika kwa kemo. Na Mama alikuwa ameanza kuimba tena jikoni, Mjomba. Nilijiambia nimwache aimbe hadi Jumapili ijayo, halafu hadi ile nyingine.

Jumanne nilimwambia Daktari, kwa sababu kwenye faili Mama alikuwa amesema wiki mbili, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Nilidhani atanifuta. Alikata lile neno, akaandika kumi na moja, akasema nafasi yangu ipo, ila wiki hizo zimeupa ugonjwa muda wa kushuka kifuani. Alilisema wazi, na nililihitaji liwe wazi.

Ijumaa nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua maharage. Alichambua konzi moja zaidi, kisha akasema, "Kumbe mitindo yangu si ya kizee?" Akacheka, akalia, akanipiga begani na kitambaa cha jikoni, tena si kidogo. Halafu akanawa mikono, akaniambia nilete kalamu.

Kwa hiyo, Mjomba, barua hii haiji kuomba ruhusa. Fomu zote mbili zimesainiwa. Alhamisi tunakwenda Gaborone. Ukitaka kuja, Daktari anasema kuna kiti cha mtu mmoja kando ya kitanda, na anapenda mtu mwenye maswali makali. Usipokuja nitaelewa, na nitakwenda.

Ninachokuomba ni kimoja. Hasira yako nitumie mimi, ni yangu kwa haki. Lakini Mama mpigie. Huna haja ya kumwomba radhi, najua haitakuwa rahisi ukiwa huko juu ya tangi. Muulize tu leo amewapikia nini watoto wa shule, umsikilize mpaka amalize.

Msalimie mkaza mjomba, na majirani wote wa kisima. Bibi anasema umletee maziwa ya mgando, na usije na chupa ya soda, uje na dumu.

Ni mimi, mpwa wako anayekuheshimu,

Gorata